Jicho Hutaja Kiasi, Halitaji Sababu

Mwalimu wa shule ya msingi huko Khwisero, kaunti ndogo ya Kakamega magharibi mwa Kenya, akisimama mbele ya darasa lililojaa, husoma macho kabla hajasoma madaftari. Mtoto anayetazama ubao huhesabiwa kuwa yupo. Anayetazama dirishani, kwenye mahindi yaliyopandwa hadi ukingoni mwa uwanja, huhesabiwa kuwa ameondoka, hata kama mwili wake bado uko kwenye dawati. Anayeulizwa swali kisha akainua macho juu huulizwa kama jibu limeandikwa kwenye mabati. Usomaji huu hauishii shuleni. Nyumbani, mzazi akishuku kwamba amedanganywa, humwambia mwanawe amtazame usoni na kurudia aliyoyasema. Kwenye baraza la chifu, wazee hupima maneno ya mlalamikaji pamoja na mahali anapoyapeleka macho yake. Hata sheria inautambua: kifungu cha 199 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai nchini Kenya kinamtaka hakimu, awe Butere au Nairobi, aandike maoni yoyote anayoyaona kuwa muhimu kuhusu jinsi shahidi alivyojionyesha wakati wa kuhojiwa.

Watu hawa hawakosei kuamini kwamba jicho lina habari. Utafiti wa zaidi ya miaka mia moja umethibitisha kwamba mwendo wa macho na upana wa mboni huifuata kazi ya akili kwa karibu sana. Wanapokosea ni katika aina ya habari wanayoidai. Hoja ya sura hii ni kwamba jicho laweza kutupa dokezo la mambo mawili: mahali umakini ulipoelekezwa, na kiasi cha nguvu ambacho akili inatumia. Haliwezi kutupa la tatu, ambalo ndilo tunalolitafuta kuliko yote, yaani sababu. Nguvu ileile yaweza kuwa ya kufikiri, ya kuogopa, ya kupenda au ya kuficha. Anayetaka kujua ni ipi hana budi kuitafuta nje ya jicho. Katika kaunti ndogo ya Khwisero, yenye watu zaidi ya 113,000 kwa hesabu ya sensa ya 2019, ambamo maelfu ya watoto huketi darasani kila siku wakipimwa kwa macho yao, kuchanganya kiasi na sababu kuna gharama.

Tuanze na mwendo. Tunajihisi kana kwamba tunaona kila kilicho mbele yetu kwa ukali uleule, lakini sivyo. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kamili ni ndogo mno. Ukinyoosha mkono wako, inatosha kufunika eneo lisilozidi sana ukucha wa kidole gumba. Nje ya hapo picha hufifia upesi. Kwa hiyo jicho hulazimika kuhamahama, na halihami kwa kuteleza bali kwa kuruka. Huruka mara tatu au nne kila sekunde, na kati ya mruko na mruko hutulia kwa muda wa robo sekunde hivi, ambapo ndipo hasa linapokusanya habari. Louis Émile Javal, daktari wa macho wa Ufaransa, aliyaeleza hayo kuhusu usomaji mwishoni mwa miaka ya 1870: msomaji hafuati mstari kama anayechora, huurukia kipande kwa kipande. Kila kituo cha jicho, basi, ni uamuzi mdogo kuhusu kitu gani kinastahili kuonwa vizuri, na mamia ya maamuzi hayo hufanyika kabla mtu hajajua kwamba ameamua.

Aliyeonyesha kwamba maamuzi hayo hutegemea akili, wala si picha iliyo mbele ya macho peke yake, ni Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti ambaye kitabu chake kilichapishwa kwa Kirusi mwaka 1965 na kwa Kiingereza mwaka 1967. Alimpa mtu mchoro mmoja wa Ilya Repin, unaoonyesha mwanamume aliyerejea nyumbani bila kutarajiwa, akaziandika njia za macho yake kila alipobadilisha swali. Alipomtaka akadirie umri wa watu walio mchoroni, macho yalizunguka kwenye nyuso. Alipomuuliza kuhusu hali yao ya mali, macho yalishuka kwenye nguo na samani. Picha haikubadilika hata chembe, mtazamaji alikuwa yuleyule, ila njia ya macho ilibadilika kabisa. Matokeo haya husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba macho hufichua mawazo. Lakini angalia mpangilio wa jaribio lenyewe. Yarbus aliweza kueleza kwa nini macho yalikwenda kwenye nguo kwa sababu swali alilitoa yeye. Mtu mwingine ambaye angepewa ule mchoro wa njia za macho bila swali angejua tu kwamba nguo zimetazamwa. Kama ni kwa kukadiria mali, kwa kuzitamani au kwa kushangaa mtindo wake, asingejua.

Mboni inatufikisha ndani zaidi, na hapo mtego nao huwa mkali zaidi. Upana wake huenda kutoka milimita mbili hivi kwenye mwanga mkali hadi nane gizani. Mwaka 1964 Eckhard Hess na James Polt wa Chuo Kikuu cha Chicago waliripoti kwamba mtu anapopewa hesabu ya kuzidisha kichwani, mboni hupanuka kadiri hesabu inavyokuwa ngumu, kisha hurudi pale jibu linapopatikana. Saba mara nane huipanua kidogo. Kumi na sita mara ishirini na tatu huipanua zaidi. Miaka miwili baadaye Daniel Kahneman na Jackson Beatty waliwasomea watu tarakimu moja kila sekunde na kuwataka wazirudie. Mboni ilikua kwa kila tarakimu iliyoingia kichwani, ikapungua kwa kila tarakimu iliyotamkwa, kana kwamba mzigo ulikuwa ukipakiwa na kupakuliwa mbele ya kamera. Mabadiliko haya ni madogo, kwa kawaida chini ya nusu milimita, lakini yanaaminika kiasi kwamba wanasaikolojia huyatumia hadi leo kama kipimo cha juhudi ya akili.

Kipimo hicho hufanya kazi kwa sababu misuli ya mboni inapokea amri kutoka kwenye mfumo uleule unaoamsha mwili mzima. Ndani ya shina la ubongo kuna kidoa cha rangi ya buluu, chenye seli makumi machache ya maelfu tu, ambacho ni chanzo kikuu cha noradrenalini katika ubongo. Ingawa ni kidogo hivyo, nyuzi zake husambaa karibu kila pembe ya ubongo, na kazi yake ni kupandisha au kushusha kiwango cha mwamko. Mwaka 2016 Siddhartha Joshi na wenzake walionyesha kwa nyani kwamba seli za kidoa hicho zikichangamka, mboni nayo hupanuka muda mfupi baadaye. Ila waliona pia kwamba sehemu nyingine za ubongo huambatana na mboni kwa namna hiyohiyo. Mfumo huu haukuumbwa kwa ajili ya hesabu. Huamka kwa hesabu, kwa sauti ya ghafla, kwa maumivu, kwa uso wa mpendwa, kwa nyoka njiani. Ndiyo maana mboni hufanana na mita ya stima iliyo ukutani: husema uniti ngapi zimekwenda, bila kusema kama zimekwenda kwenye pasi, redio au waya unaovuja.

Hess mwenyewe alijaribu kwenda mbali zaidi ya hapo, na historia ya jaribio lake ni somo. Tangu makala yake na Polt ya mwaka 1960, alikuwa akishikilia kwamba mboni hupanuka kwa kinachopendeza, na baadaye akadai kwamba husinyaa kwa kinachochukiza. Kama dai hilo lingesimama, jicho lingetaja sababu, kwa maana upande mmoja ungekuwa mapenzi na wa pili karaha. Halikusimama. Watafiti waliofuata, akiwemo Margaret Bradley na wenzake mwaka 2008, walidhibiti mwangaza wa picha kwa uangalifu, wakaona kwamba picha za kufurahisha na za kutisha hupanua mboni vilevile ilimradi zote zinasisimua. Kilichopimwa ni ukubwa wa msisimko. Mwelekeo wake, kama ni wa kuvutwa au wa kusukumwa, haukuwamo.

Kabla ya kosa hilo kusahihishwa, lilikwisha kuumiza watu. Katika miaka ya 1960 serikali ya Canada ilimlipa mwanasaikolojia Frank Robert Wake wa Chuo Kikuu cha Carleton abuni chombo cha kuwatambua watumishi wa umma waliovutiwa na watu wa jinsia yao, ili wafukuzwe kazini. Chombo kilionyesha picha na kupima mboni. Hakikufanya kazi: picha zilitofautiana kwa mwangaza, watu walitofautiana kwa kimo na umbali wa macho, na hata pale mboni ilipopanuka haikusema kama mtu amevutiwa, ameaibika au amejawa na hofu ya kugunduliwa. Mradi ulikufa, lakini msako wenyewe uliendelea kwa njia nyingine na kuharibu maisha ya maelfu, hadi waziri mkuu Justin Trudeau alipoomba radhi bungeni mwezi Novemba 2017. Chombo kilishindwa kwa kuwa kiliulizwa swali lisilo na jibu ndani ya jicho. Chombo kingine chenye kamera bora kingeshindwa vilevile.

Tena mboni ina mabwana wengi hata kabla ya kufika kwenye hisia. Bwana wake mkuu ni mwanga; wingu likipita juu ya darasa, mboni za watoto wote hupanuka kwa kiasi kinachozidi kile ambacho swali la mwalimu lingeweza kuleta. Umri huipunguza. Kutazama kitu kilicho karibu huisinyaza. Sumu za kuulia wadudu za jamii ya organofosfeti, zinazojulikana na wakulima wengi, huibana hadi iwe kama tundu la sindano, na dalili hiyo humsaidia mhudumu wa afya kumtambua aliyezivuta au kuzimeza. Atropini, dawa inayotumiwa kutibu sumu hiyo, huifungua wazi. Muuguzi anayemulika tochi kwenye jicho la mtoto aliyezimia kwa malaria kali anaitumia mboni ipasavyo, kwa kuwa anaijua amri aliyoitoa, ambayo ni mwanga, na anatafuta jibu la amri hiyo peke yake. Ufundi wote wa kusoma mboni umo katika sharti hilo: lazima ujue ni nini kilichoibisha hodi.

Msomaji aweza kupinga kwamba mwalimu mzoefu hahitaji maabara. Amewaona watoto kwa miaka ishirini, na akisema fulani hayupo darasani, mara nyingi anasema kweli. Pingamizi hili lina uzito, lakini tuutenganishe ustadi wake na jicho la mtoto. Kwanza, mboni yenyewe mwalimu haioni. Jicho jeusi au la kahawia nzito, ambalo ndilo la karibu kila mtoto wa Khwisero, halionyeshi mpaka kati ya mboni na pete inayoizunguka isipokuwa kwa karibu sana. Kamera za utafiti huuona mpaka huo kwa sababu hutumia mwanga wa infraredi, ambao rangi ya jicho huurudisha huku mboni ikibaki nyeusi. Anachokiona mwalimu ni kope, mwelekeo wa macho na mkao wa uso. Pili, na hili ni kubwa zaidi, mwalimu mzoefu anajua mengi ambayo hayamo machoni: nani alikuja bila kunywa chai, nani ana mama mgonjwa, nani alikuwa na homa wiki jana. Anapopatia, sababu ameitoa huko. Wageni waliokuja kukagua shule, wakiyatazama macho yaleyale bila habari hizo, wasingepatia kama yeye.

Hata mwelekeo wa macho, ambao mwalimu anauona vizuri, hauambatani na umakini kwa asilimia mia. Hermann von Helmholtz alijaribu jambo hili katika karne ya 19: akikazia macho nukta moja, aliweza kuupeleka umakini wake upande mwingine na kuziona herufi za huko. Michael Posner, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, alilipima jambo hilo kwa sehemu ndogo za sekunde, akathibitisha kwamba umakini huweza kutangulia na kuliacha jicho nyuma. Kinyume chake ni kweli pia. Mwaka 2010 Erik Reichle na wenzake walifuatilia macho ya wasomaji wanne walioisoma riwaya nzima ya Jane Austen, huku wakiwauliza mara kwa mara kama akili bado iko kwenye kitabu. Akili ilipotoroka, macho hayakusimama. Yaliendelea kuruka kutoka mstari hadi mstari kwa utiifu, ila yalikaa kidogo zaidi kwenye kila kituo, na hayakujali tena kama neno ni la kawaida au ni geni. Kwa mtu aliyeketi mbele yao, walikuwa wanasoma. Mtoto anayeukodolea ubao kwa nidhamu kamili aweza kuwa hayupo, na darasa lililofunzwa kuukodolea ubao limefunzwa kuficha kile ambacho mwalimu anataka kujua.

Yule anayeinua macho kwenye mabati, kwa upande wake, huenda ndiye aliye kazini kuliko wote. Gwyneth Doherty-Sneddon na wenzake huko Stirling, Scotland, walionyesha kwamba watoto wa miaka minane huuepuka uso wa anayewauliza kadiri swali linavyokuwa gumu, kwa kuwa uso wa mtu hubeba habari nyingi ambazo akili haiwezi kuzipuuza. Kuangalia pembeni hupunguza mzigo huo. Mwaka 2006 waliwafunza watoto wa miaka mitano kuangalia pembeni wanapofikiri, na watoto hao wakajibu vizuri zaidi. Matokeo haya yana maana ya pekee mahali ambapo mtoto amelelewa kutomkodolea macho mtu mzima. Mtoto wa Khwisero aliyefundishwa na kukhu, yaani nyanya yake, kwamba kumtazama mkubwa usoni ni ujeuri, akiitwa na mwalimu na kuinamisha macho, anafanya mambo mawili kwa pamoja: anamheshimu, na anajipa nafasi ya kufikiri. Mwalimu anayemwamuru amtazame kabla ya kujibu anamnyang'anya hiyo nafasi, kisha anaandika kimya kinachofuata kama ujinga.

Hofu huzidisha mkanganyiko. Tangu 1908, Robert Yerkes na John Dodson walipowafunza panya kuchagua kati ya vyumba viwili kwa kuwapa mshtuko wa umeme, inajulikana kwamba kwa kazi ngumu msisimko wa wastani husaidia na msisimko mkali huharibu. Mtoto aliye makini na mtoto anayeogopa kiboko wote wameamshwa. Mboni zao zinaweza kulingana kabisa, ilhali mmoja anajifunza na mwingine anajilinda. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na hoja nyingi za kuvitetea hudai kwamba huleta umakini. Huleta mwamko, hilo halina ubishi. Ukitazama macho peke yake utadhani umepata ulichokitaka. Mzigo nao ukizidi uwezo, ishara hugeuka: Eric Granholm na wenzake waliona mwaka 1996 kwamba tarakimu zikizidi zile ambazo mtu aweza kuzishika, mboni huacha kupanuka, na huanza hata kurudi. Mtoto aliyelemewa hadi akakata tamaa huonekana sawa na mtoto aliyestarehe.

Mahakamani gharama ni kubwa zaidi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 58 na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba karibu theluthi mbili ya waliohojiwa walitaja kukwepa macho kama dalili ya mwongo. Ni imani iliyoenea kuliko nyingine yoyote kuhusu uongo. Hata hivyo Bella DePaulo na wenzake, walipokusanya tafiti nyingi mwaka 2003, hawakukuta tofauti ya maana kati ya waongo na wakweli katika kutazamana. Walichokikuta ni kwamba mboni za waongo hupanuka kidogo zaidi kwa wastani, jambo linalotarajiwa kwa kuwa kutunga uongo ni kazi. Lakini kusema kweli mbele ya wakili mkali, kwa lugha isiyo ya nyumbani, huku jirani uliyemshtaki ameketi mita tatu kutoka kwako, ni kazi pia. Ndiyo maana watu wanapoombwa watenganishe kweli na uongo bila msaada wala mafunzo, hupatia kwa asilimia 54 hivi, kwa mujibu wa hesabu ya Charles Bond na DePaulo ya mwaka 2006 iliyojumlisha waamuzi zaidi ya 24,000. Sarafu iliyorushwa ingepatia asilimia 50.

Wanasheria watajibu kwamba kuna faida katika kumwona shahidi, na kwamba ndiyo maana, tangu kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri iliyoamuliwa mwaka 1972, mahakama za rufaa zinazopima ushahidi upya huagizwa zikumbuke kuwa hazikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Faida ipo, ila haipo pale inapodhaniwa. Hakimu aliyemsikia shahidi amesikia mahali aliposita, swali lililomfanya abadilishe maelezo, na jambo alilolikumbuka bila kuulizwa. Hayo yote yanaweza kulinganishwa na ushahidi mwingine. Macho yaliyoinamishwa hayana cha kulinganishwa nacho. Hakimu anayeandika kwamba shahidi alisita alipoulizwa saa ya tukio ametoa neno linaloweza kupimwa kwenye rufaa. Anayeandika kwamba macho yake hayakutulia ameandika kuhusu mwamko ambao ungeweza kumpata mkweli au mwongo, na pengine kuhusu malezi mema ya shahidi huyo.

Upo ushahidi kutoka karibu na Khwisero unaoonyesha jinsi umakini unavyoweza kubadilika bila jicho la mtazamaji kuona kitu. Katika mwaka wa 2005 na 2006, Siân Clarke na wenzake walifanya utafiti katika shule 30 za msingi za Bondo, upande wa Siaya, eneo la malaria kama Kakamega ilivyo. Watoto wa shule zilizochaguliwa kwa kura walipewa dawa ya malaria mara moja kila muhula, wengine wakapewa dawa isiyo na nguvu. Baada ya mwaka, upungufu wa damu ulikuwa umepungua kwa nusu hivi, na waliopewa dawa walifanya vyema zaidi katika majaribio ya kudumisha umakini darasani. Lakini tabia za kutozingatia na za kutotulia zilipopimwa, hakukuwa na tofauti. Tusilifanye kuwa jibu la kila mahali, kwa kuwa mpango tofauti wa kupima na kutibu, uliojaribiwa katika shule 101 za Kwale, haukuleta faida hiyo. Kwa hoja yetu, hata hivyo, Bondo inatosha. Vimelea vilikuwa vikila umakini wa watoto, tiba ikaurudisha, na yote mawili yakapita bila mwenendo wao kuyatangaza.

Sababu nyingine za aina hii zimejaa magharibi mwa Kenya. Mtoto huenda hautazami ubao kwa kuwa hauoni. Katika jaribio la shule 50 za Trans Nzoia lililoongozwa na Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale, na kuchapishwa mwaka 2018, walimu waliwapima watoto kwa simu na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Watoto 54 kati ya kila 100 waliokutwa na tatizo walifikishwa hospitalini, dhidi ya 22 kwa utaratibu wa kawaida. Au huenda amechoka. Kuanzia 2004, wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, Marekani, wamekuwa wakishirikiana na wakazi wa Khwisero kuchimba visima na kujenga vyoo katika shule za msingi, na shabaha mojawapo ni kuwaondolea watoto, hasa wasichana, saa walizozitumia kufuata maji. Msichana aliyeamka kabla ya alfajiri kubeba maji atapepesa macho saa nne asubuhi, na jicho lake litasema kwa ukweli kabisa kwamba mwamko umeshuka. Nani alimwamsha na kwa nini, halitasema.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo litasikika zaidi miaka ijayo: kwamba mashine zitaona tusichokiona. Tayari kuna programu zinazouzwa kwa vyuo ili zimfuatilie mtahiniwa kwa kamera na kumshuku anayetazama pembeni. Ni kweli kwamba kamera hupima vizuri kuliko mtu, na penye swali zuri huleta matunda. Nchini Malawi, watafiti walioripoti mwaka 2017, Linda Forssman na Jukka Leppänen wakiwa miongoni mwao, walitumia kamera ya kufuatilia macho kwa watoto wa miezi tisa wa vijijini ili kupima jinsi wanavyohamisha umakini, umri ambao mtoto hawezi kujibu swali wala kushika kalamu. Kifaa kilifaa kwa sababu watafiti walikwisha kuamua kitakachoonyeshwa, wapi na lini. Programu ya kumnasa mwizi wa mtihani haina chochote cha hayo. Inakutana na macho yaliyoondoka kwenye kioo na kuamua kwamba yameondoka kwa wizi, ilhali tumekwisha kuona kwamba swali gumu huyaondoa macho ya mtu mwaminifu. Kuongeza usahihi wa kipimo cha kiasi hakuzai sababu. Huzaa kiasi kilicho sahihi zaidi, pamoja na ujasiri wa kukitumia vibaya.

Kutokana na haya, jicho litumike kufungua uchunguzi na si kuufunga. Mwalimu akiona macho yameondoka ubaoni, alichokipata ni sababu ya kuuliza: unaona maandishi? umelala saa ngapi? swali limekulemea? Hakimu afuate maneno na mpangilio wake, na aandike yale yanayoweza kupimwa na mwingine. Mzazi aulize mara ya pili kuhusu jambo lenyewe badala ya kudai uso. Na darasani kuna hatua moja isiyohitaji kamera wala bajeti. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu husubiri sekunde moja hivi baada ya kuuliza kabla ya kumhamia mtoto mwingine. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na ya kufikiriwa, na walioshindwa kujibu wakapungua. Sekunde hizo ndizo muda ambao macho huinuka kwenye mabati na mboni hupanuka kwa kazi. Mwalimu akizitoa, jibu lenyewe litamwambia kama mtoto alikuwa akifikiri, na hatakuwa na haja ya kukisia.